Pumzi Inayotoka

Nazungumza nawe msikilizaji wa Korogwe mjini, Handeni, Mombo au Mkata kando ya barabara kuu. Kabla hatujaanza naomba jambo moja. Kama nyumbani kwako yumo mtu ambaye kifua kimekuwa kikimsumbua kwa miaka, mwite asogee karibu na redio. Mazungumzo ya leo ni yake, na kuna mahali nitamtaka afanye kitu, asiishie kusikiliza tu.

Mtu akibanwa na pumzi, sisi tulio naye humwambia: vuta hewa, vuta, vuta kwa nguvu. Naye anainua mabega, anatanua mdomo, anavuta. Kadiri anavyovuta ndivyo anavyozidi kukwama. Tunausema ushauri huo kwa mapenzi, lakini kwa wagonjwa wengi wa kifua sugu ni ushauri wa kinyume. Shida yao kubwa si hewa kuingia. Ni hewa kutoka.

Ndani ya mapafu njia ya hewa hugawanyika na kugawanyika tena hadi inakuwa mirija myembamba sana. Kwa mtu mwenye kifua sugu mirija hiyo imevimba, ina makohozi, na kuta zake zimelegea. Akivuta pumzi, kifua kinatanuka, mirija inatanuka pamoja nacho na hewa inapita. Akitoa, hasa akitoa haraka na kwa nguvu, mirija inalala na kujifunga kabla hewa haijaisha kutoka. Hewa iliyokwisha kutumika inanaswa humo humo. Pumzi inayofuata inakuja juu yake, na nyingine juu ya hiyo, hadi kifua kinajaa hewa isiyo na faida. Kile kiwambo cha msuli kilicho chini ya mapafu, ambacho ndicho kinachobeba kazi kubwa ya kupumua, kinasukumwa chini kinakuwa bapa, hakina tena pa kushukia. Hapo mgonjwa anakwambia: siwezi kuvuta. Anasema kweli. Hawezi kwa sababu hana pa kuiweka.

Lakini kuna jambo moja ambalo bibi zetu walilipatia tangu zamani: kumpepea mgonjwa usoni kwa khanga. Upepo unaogusa mashavu na pua hupunguza ile hisia ya kukosa hewa, na siku hizi hospitali za nchi tajiri huwapa wagonjwa feni ndogo za mkononi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mpepee. Ila acha kumwambia avute.

Mwambie apulize.

Sasa yule tuliyemwita na akae. Kiti, kigoda, ukingo wa kitanda, popote. Nyayo zote mbili ziguse chini. Ainame mbele kidogo, mikono ilale juu ya mapaja, mabega yaachiwe yashuke. Asiyepata pa kukaa aegemee ukuta, au kama yuko shambani, ashike mpini wa jembe mbele yake ainamie. Mikono ikipata pa kujishikiza, misuli ya mabega na shingo inaweza kusaidia kifua badala ya kubeba uzito wa mikono.

Funga mdomo. Vuta hewa kwa pua, taratibu, kiasi cha kawaida tu, usijaze kifua. Moja, mbili. Sasa bana midomo kama unayepoza chai ya moto, acha upenyo mdogo, toa. Usisukume, iache iende yenyewe. Moja, mbili, tatu, nne. Tena. Pua: moja, mbili. Midomo: moja, mbili, tatu, nne. Mara nyingine. Pua: moja, mbili. Midomo: moja, mbili, tatu, nne.

Basi, pumzika. Kama hesabu ya nne imekushinda, ishia tatu. Kinachotakiwa ni kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta, na hakuna anayekupa alama. Makosa ninayoyaona kwa wanaoanza ni mawili. La kwanza ni kujaza mashavu na kupuliza kwa nguvu kama anayewasha moto wa kuni mbichi. Ukisukuma hivyo mirija inajifunga kama kawaida yake, na hujafanya kitu. La pili ni kuvuta pumzi kubwa mno mwanzoni, ukidhani ndiyo zoezi lenyewe. Weka kiganja mbele ya midomo, umbali wa shibiri. Unatakiwa uhisi upepo mwembamba wa muda mrefu. Ukihisi kishindo, punguza. Ukihisi kizunguzungu, acha kidogo, pumua kama ulivyozoea, kisha urudie polepole.

Midomo iliyobanwa inafanya kazi gani? Inaweka kizuizi kidogo mlangoni, na kizuizi hicho kinarudisha msukumo ndani hadi kwenye ile mirija midogo, kikiizuia isilale mapema. Hewa iliyonaswa inapata muda wa kutoka. Kifua kinapungua ujazo, kiwambo kinapata nafasi, na pumzi inayofuata inaingia bila kuitwa. Hakuna mashine hapo, wala dawa, wala shilingi.

Jizoeze ukiwa mzima wa siku hiyo, dakika chache asubuhi, mchana na jioni. Anayesubiri hadi abanwe ndipo akumbuke redio ilisema nini, hatakumbuka, kwa sababu hofu ya kukosa pumzi huja na kiherehere chake, na mtu mwenye kiherehere hufanya kile tu alichokizoea.

Halafu lihamishie zoezi kwenye kazi. Siku ambayo bomba halitoi maji Handeni, na mama inabidi ainue ndoo kichwani, avute pumzi kabla hajaigusa ndoo, kisha ainue huku akipuliza. Wengi wetu hufanya kinyume: tunabana pumzi, tunainua, halafu tunahema dakika tano. Mtu wa Bungu au Vugiri anayepandisha mlima na mzigo afanye vivyo hivyo: hatua mbili avute, hatua nne apulize, na mwendo upungue ulingane na pumzi. Akisimama njiani asione haya. Kufua, kuchota, kuvaa viatu, yote yana mahali pa kupuliza, nako ni pale penye nguvu.

Kuna pia zoezi la makohozi. Mtu mwenye makohozi mazito hukohoa mfululizo hadi machozi yanamtoka na mbavu zinamuuma, na kinachotoka ni kidogo. Badala yake apumue kwa utulivu mara kadhaa, avute pumzi za kina mbili tatu, kisha afungue mdomo na koo atoe hewa kwa sauti ya "haa", ndefu, kama anayetia ukungu kwenye kioo. Mara moja au mbili, apumzike, arudie. Makohozi yanapanda yenyewe hadi kooni, hapo kikohozi kimoja kinatosha. Atemee kwenye kopo lenye mfuniko, si kwenye vumbi la uwanjani.

Mtasikia pia habari za kupumua kwa tumbo, mkono mmoja juu ya kitovu, tumbo lipande na kushuka. Hilo silishabikii. Kwa baadhi ya watu husaidia kutulia, lakini mgonjwa ambaye kifua kimejaa hewa sana na kiwambo chake kimekwisha kuwa bapa anaweza kuongezewa kazi badala ya kupunguziwa. Kama unalifanya na linakufaa, endelea. Kama linakuchosha, si wewe uliyeshindwa. Na kujifukiza kwa nyungu, ambako nchi nzima tulikukumbuka mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, hakuifungui mirija iliyoharibika, na maji yanayochemka yamewaunguza watu.

Sasa, kwa nini ninayasema haya Korogwe na Handeni hasa? Kwa sababu kuna njia nyingi za kuharibu mapafu, na wilaya zetu hizi mbili zinazo karibu zote.

Anza na mkonge. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf miaka ya 1890, na kwa zaidi ya karne umewalisha watu wa Ngombezi, Magunga, Hale, Mwelya na Magoma. Kwenye korona, ile mashine inayosaga majani, kuna maji mengi, kwa hiyo vumbi ni dogo. Balaa liko mwishoni, kwenye chumba cha brashi, pale singa zilizokauka zinapochanwa. Vumbi lake jepesi hujaa hewani, likashika nyusi na nywele, na kinga ya wengi imekuwa kitambaa kilichofungwa puani. Watafiti waliwapima wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 1978, wakaonyesha kuwa watu wa brashi ndio walioumia zaidi. Uchunguzi uliofuata baada ya mwaka 2000 ukakuta idara hiyo hiyo bado inaongoza kwa vikohozi na kubanwa kifua. Wazee wengi waliokuja enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba, na kubaki huku walistaafu na kifua hicho, wakiambiwa ni uzee.

Ukija Handeni, kuna mkaa. Mchomaji anashinda kwenye tanuri kwa siku kadhaa akiziba mianya kwa udongo huku moshi ukimpiga usoni. Kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, Magambazi na kwingineko, wanaoponda mawe makavu yenye vumbi la silika, vumbi lisilotoka tena likishaingia. Na kuliko hao wote kwa idadi, kuna mwanamke anayepika kwa mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha tangu akiwa binti. Huyo hajavuta sigara hata moja maishani mwake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa vijijini Tanzania kwa watu wa miaka 35 na zaidi, ulikuta asilimia 17.5 wana kuziba kwa kudumu kwa njia za hewa. Katika hao, chini ya wawili katika kila mia ndio waliokuwa wamewahi kuambiwa na mganga kwamba wana ugonjwa huo. Waliobaki huenda walikuwa wakiitwa wenye pumu, wenye kikohozi, waliorogwa, au wavivu. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021, na wengi wa wanaokufa kabla ya miaka 70 wako katika nchi kama zetu.

Halafu kuna kifua kikuu, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoachwa njiani. Tanzania ina historia ya kujivunia katika TB. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo alijenga hapa, pamoja na Watanzania, ule utaratibu wa kumfuatilia mgonjwa hadi amalize dozi, ambao miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua likausambaza dunia nzima. Dawa ni bure na zinaponya. Mtu anameza miezi sita, makohozi yanapimwa, hayana vimelea, anaandikiwa amepona, kadi inafungwa.

Na kweli amepona TB. Lakini vimelea vimekufa vikiwa vimekwisha kuacha makovu, mirija iliyopanuka ovyo, na sehemu za mapafu zilizojikunja. Anarudi shambani, anagundua mistari miwili ya mahindi inamtoa jasho. Anadhani TB imerudi. Anarudi zahanati, anapimwa, hana. Anaandikiwa dawa ya kikohozi, anarudi nyumbani. Mwaka unaofuata tena. Wapo waliomezeshwa dozi ya TB mara ya pili bila kuonekana kimelea hata kimoja, kwa sababu tu wanakohoa na picha ya kifua ina doa. Mtu huyu hana jina kwenye daftari lolote. Si mgonjwa wa TB, na hajapimwa kama mgonjwa wa kitu kingine.

Ndiyo maana lazima niweke mpaka kwenye hili zoezi la kupuliza. Linawafaa sana wale ambao hewa yao inanaswa. Mtu mwenye makovu magumu, kama yanayoletwa na vumbi la mawe, mapafu yake hayashiki hewa nyingi, yamesinyaa. Kwake kubana midomo hakutafanya makubwa, na hapaswi kujilaumu. Tofauti ya hawa wawili huwezi kuisikia kwa sikio wala kuiona kwa macho. Inaonekana kwa kipimo cha kupuliza, kile cha bomba unalolipuliza kwa nguvu zako zote na mashine inaandika hewa imetoka kiasi gani na kwa kasi gani. Si kipimo cha damu wala cha sindano. Ukipewa rufaa kwenda Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi, kiulize kwa jina hilo hilo, kipimo cha kupuliza.

Na mazoezi ya pumzi peke yake hayatoshi. Uchambuzi wa tafiti uliokusanywa mwaka 2012 ulionyesha kuwa yanamsaidia mgonjwa aende mbali zaidi, lakini kuhusu kupunguza kubanwa kwenyewe matokeo yalitofautiana. Kinachombadilisha mtu hasa ni kupumua vizuri pamoja na kutembea. Hapo ndipo familia zetu zinapokosea kwa huruma: mgonjwa wa kifua tunamkalisha. Asichote, asitembee, aletewe chakula hapo hapo mkekani. Baada ya miezi, misuli ya mapaja imekwisha. Msuli dhaifu unadai hewa nyingi kwa kazi ndogo, na sasa kwenda chooni tu kunamtoa pumzi, nasi tunasema ugonjwa umezidi.

Uganda walijaribu kuunganisha kutembea na mafunzo ya pumzi kwa watu waliopona TB wakabaki na pumzi fupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 na watafiti, akiwemo Bruce Kirenga wa Mulago, Kampala. Watu 34 walianza, wakawa wanakutana mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, kutembea, kunyoosha viungo, kuinua vitu vyepesi, na kufundishwa kuhusu pumzi yao. 29 walimaliza. Mwanzoni kwa wastani walitembea karibu mita 300 katika kipimo cha mwendo unaoongezeka. Walipomaliza walivuka mita 370. Mita sabini na kitu, kwa mtu asiyezihitaji, ni upuuzi. Kwa mama wa Sindeni ni kufika kisimani bila kukaa chini.

Sikuona katika mpango ule kitu ambacho hospitali ya Magunga, Korogwe, au ya wilaya Handeni haiwezi kukipata. Uwanja, kivuli, benchi, saa, chupa za maji za kuinua badala ya vyuma, na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia. KCMC wamekuwa wakiwafundisha wataalamu hao kwa miongo mingi. Lakini hapa kwetu ukimwona mmoja, amezungukwa na waliovunjika kwa bodaboda na waliopooza, na hakuna anayemletea mgonjwa wa kifua, kwa sababu hata waganga wetu wengi hawafikirii kwamba mapafu yana fiziotherapia. Mimi naona hilo ni kosa la mpangilio zaidi ya umaskini. Kliniki ya kisukari ina siku yake ya wiki, ya shinikizo la damu ina siku yake. Kifua sugu hakina siku.

Kwa anayetaka kuanza nyumbani: tembea kila siku kwenye tambarare, kabla jua halijakaza, kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza sentensi fupi. Hesabu nguzo za umeme. Leo nguzo tatu na kurudi, ukiizoea ongeza moja. Ukibanwa, simama, inama, puliza, kisha endelea. Kama umeandikiwa pampu ya kifua, muulize daktari kama uitumie kabla ya kutoka, na kama dawa inaishia ulimini, muombe akufundishe kuivutia kupitia chupa. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitengenezwa sawasawa, kwa watoto wenye pumu ilifanya kazi kama kifaa cha dukani. Na wanakwaya msiache kwaya, wala wa kaswida msiache kaswida. Kuimba mstari mrefu ni kutoa pumzi kwa utaratibu, na ushahidi wake bado mdogo, lakini sijasikia aliyedhurika.

Kuna wasiopaswa kuanza kesho. Unayekohoa wiki mbili au zaidi na hujapima makohozi, pima kwanza. Unayetema damu, unayepata maumivu ya kifua, unayevimba miguu, nenda hospitali. Na mtu ambaye midomo imegeuka rangi ya bluu, ameanza kuchanganyikiwa, au hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi, msikae naye mkipuliza. Tafuteni gari.

Nina maombi matatu, kisha nikuache. Wewe uliyemaliza dozi ya TB na pumzi haikurudi, rudi kituoni, usiseme "nakohoa", sema "nilipona TB na sasa siwezi kutembea", na uombe rufaa ya kipimo cha kupuliza. Wewe unayefanya kazi ya brashi au ya kuponda mawe kwa mwajiri, ukiumwa kifua mwambie daktari unafanya kazi gani na kwa miaka mingapi, aandike kwenye faili, kwa sababu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusika pia na magonjwa yatokanayo na kazi, na bila maandishi huna pa kuanzia. Na ninyi waganga wakuu wa wilaya, Korogwe na Handeni: wapeni wagonjwa wa kifua siku moja kwa wiki na benchi moja kivulini.